HISTORIA YA MWAVULI KWA MTU ANAYETEMBEA MBALI (sehemu zote nne pamoja)

SEHEMU YA 1

Mama zangu, wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza swali, nikaenda nalo mpaka zamu ya usiku. Anatembea saa moja na nusu kwenda kliniki, mtoto wa miezi miwili yuko mgongoni, jua kali au mvua ya ghafla. Akanunua mwavuli. Mawifi wakamcheka: "Kwani wewe bibi harusi?" Sasa anauliza, hivi mwavuli ni mapambo tu au una kazi kweli kwa mtu wa safari ndefu ya miguu?

Jibu fupi: una kazi, tena kubwa. Jibu refu lina historia ndani yake, na ninyi mnanijua, historia siiachi. Nimeigawa vipande vinne msichoke.

Tuanze na neno lenyewe. Mwavuli, mvuli, kivuli. Sikiliza tu, ni ukoo mmoja. Hata neno la Kiingereza lilitokana na umbra, yaani kivuli kwa Kilatini. Kumbe kazi ya kwanza ya mwavuli huko ilikuwa jua, mvua ikaja baadaye. Kwenye michoro ya mawe ya wafalme wa Ashuru, zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, utamwona mfalme kwenye gari lake la farasi na nyuma yake mtumishi kamshikia mwavuli.

Na kwetu pwani je? Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu. Anasimulia kwamba baada ya sala ya Ijumaa Sultani alirudi nyumbani kwa miguu, na juu ya kichwa chake kulikuwa na miavuli minne ya hariri ya rangi, kila mmoja una ndege wa dhahabu kileleni. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipofika Malindi walimkuta mfalme ameketi chini ya mwavuli wa mviringo wa kitambaa chekundu cha kung'aa, umefungwa kwenye mti mrefu. Kwa hiyo anayesema mwavuli ni mambo ya kuiga Wazungu, mwambie aulize Malindi.

Lakini tazama jambo moja. Hao wote hawakushika wenyewe. Mwavuli wa mkubwa ulikuwa mzito, mti mrefu, kitambaa kizito, na uzito wote ulikuwa mabegani kwa mtu mwingine. Mwenye kivuli hakuchoka, mbebaji ndo alichoka juani. Wachina walikuwa na njia nyingine: vijiti vya mianzi na karatasi iliyopakwa mafuta, kitu chepesi kinachozuia mvua pia. Huo ndo ulikuwa mwelekeo sahihi kwa mtembea kwa miguu, ila ulichukua muda mrefu sana kufika kwingine.

SEHEMU YA 2

Huyu wa leo ni kipenzi changu, mtaona kwa nini.

Jonas Hanway alikuwa mfanyabiashara Mwingereza. Mwaka 1743 alikwenda Urusi, kutoka huko akaingia Uajemi na msafara wa vitambaa, waasi wakamnyang'anya mzigo njiani. Mwaka 1750 alirudi London, na miaka ile ile ya 1750 akaanza kutembea mitaani akiwa amejifunika mwavuli, mvua inanyesha, wanaume wenzake wote wamelowa.

Jamani, alichekwa! Wakati ule Uingereza mwavuli ulikuwa kitu cha wanawake. Mwanaume mwenye mwavuli alionekana laini. Halafu kulikuwa na maana nyingine ya kichinichini: ukiwa na mwavuli unatangaza kwamba huna pesa ya kukodi gari la farasi. Na waliomchukia zaidi ni madereva wa hayo magari, maana mvua ndo ilikuwa siku yao ya kuvuna. Mtu akiwa na paa lake mkononi atakodi gari la nini? Mnajua wenyewe bodaboda wanavyochangamka mvua ikianza.

Hanway hakuuacha. Alitembea nao karibu miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1786, na kufikia hapo mwanaume mwenye mwavuli London hakuwa tena kituko.

Sasa kwa nini ni kipenzi cha nesi? Kwa sababu mtu huyu huyu alikuwa mmoja wa wasimamizi wa Foundling Hospital, nyumba ya watoto waliotelekezwa, na alizunguka kwenye nyumba za maskini za London kutazama watoto wachanga wanavyoishi. Alichokuta kilikuwa kibaya: wachanga walioingia mle wengi mno hawakutoka hai, na hakuna aliyekuwa anaandika kwa mpangilio. Akapiga kelele, akaandika vitabu. Mwaka 1762 ikapitishwa sheria kwamba watoto wadogo wote walio chini ya uangalizi wa parokia za London waandikwe kwenye rejista, nani kaingia, lini, nini kimempata. Mwaka 1767 ikaja nyingine: watoto hao watolewe kwenye msongamano wa jiji wapelekwe kulelewa mashambani, kwenye hewa.

Nikifungua rejista asubuhi, mstari wa kwanza jina la mtoto, wa pili uzito, huwa namkumbuka. Kwangu mimi ile rejista ni kubwa kuliko mwavuli. Lakini nadhani vyote viwili vilitoka kwenye kichwa kimoja, cha mtu asiyeona aibu kuhangaika na vitu vidogo. (Kitu kimoja tu tunagombana: alikuwa adui mkubwa wa chai. Mwaka 1756 alichapisha maandishi marefu ya kuipinga. Hapo Hanway tuachane kwa amani, mimi zamu ya usiku bila chai siiwezi.)

SEHEMU YA 3

Hii ni fupi, ni habari ya uzito.

Mwavuli wa enzi za Hanway ulikuwa mzigo. Mbavu zake zilikuwa za mbao, henzirani, au vile vipande vigumu vinavyotolewa kinywani mwa nyangumi. Kitambaa kilipakwa mafuta kisipitishe maji. Ukilowa unakuwa mzito zaidi, mbavu zinapinda na kupasuka. Kutoka mtaa huu hadi ule, sawa. Siku nzima ya safari, hapana.

Mwaka 1852 Samuel Fox, fundi wa nyaya za chuma kutoka Stocksbridge, Uingereza, alitengeneza mbavu za chuma chembamba kilichokunjwa kama mfereji. Chuma kikikunjwa hivyo kinakuwa kigumu bila kuwa kinene. Chukua karatasi uishike kwa ncha moja, inalegea. Ikunje katikati kwa urefu, inasimama. Ni akili hiyo hiyo. Angalia mwavuli wa kawaida hapo nyumbani, vyuma vyake vingi bado vina umbo hilo.

Kisha mwaka 1928 Mjerumani Hans Haupt akapata hataza ya mwavuli unaojikunja ukawa mfupi. Alijeruhiwa vitani na alitembea kwa fimbo, hivyo mwavuli mrefu ulimsumbua: mkono mmoja fimbo, mkono wa pili mwavuli, haubaki mkono. Mama mwenye mtoto mgongoni, mkoba begani na kadi ya kliniki mkononi anaelewa hiyo hesabu bila kufundishwa. Siku hizi kuna miavuli ya alumini na faibaglasi ambayo haifiki gramu 300, nyepesi kuliko chupa ndogo ya maji.

SEHEMU YA 4

Tumefika kwa watembeaji wenyewe. Nianze na mwanamke.

Emma Gatewood alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1887. Alizaa watoto 11. Ndoa yake ilikuwa ya kipigo kwa miaka mingi mpaka walipoachana. Watoto walipokuwa wakubwa, mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliingia kwenye njia ya milimani inayoitwa Appalachian Trail, zaidi ya kilomita 3,200 kutoka Georgia hadi Maine. Aliitembea yote peke yake, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alivaa raba za kawaida, vitu vyake viko kwenye mfuko alioushona mwenyewe na kuutupia begani. Mvua ikinyesha anajifunika pazia la bafuni. Ndiyo, lile la plastiki.

Miaka minne baadaye, akiwa na miaka 71, Bibi Gatewood alitembea tena karibu kilomita 3,200, safari hii akifuata njia ya zamani ya wahamiaji kutoka Independence, Missouri hadi Portland, Oregon. Hapa mazingira ni mengine. Si milima yenye miti, ni tambarare na barabara ndefu, jua liko wazi kichwani kuanzia asubuhi. Na safari hii alikuwa na mwavuli. Mtu aliyekwishatembea nchi nzima na pazia la bafuni hatafuti mapambo.

Aliyeugeuza mwavuli kuwa somo la watembeaji ni Ray Jardine, mhandisi na mpanda miamba. Yeye na mkewe Jenny walitembea Pacific Crest Trail, njia ya kilomita 4,260 hivi kutoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada, mara tatu. Mwaka 1992 alitoa kitabu cha kuwaelekeza wengine. Wakati ule watembeaji walibeba mizigo mikubwa na mabuti mazito, yeye akasema punguzeni kila kitu, halafu, cha ajabu, akawaambia waongeze mwavuli. Wa jangwani aliufunika kwa karatasi ya kung'aa kama fedha, ili jua ligonge na kurudi. Alichekwa pia, bila shaka. Leo kuna makampuni yanayouza miavuli ya aina hiyo kwa watembeaji, na wapo wanaoufunga kwenye mkanda wa begi la mgongoni mikono ikabaki huru.

Kwa nini unafanya kazi? Hapa navaa sare yangu.

Mwili unaotembea unatengeneza joto, na unalitoa kwa jasho linalokauka kwenye ngozi. Jua la moja kwa moja linaongeza joto jingine juu ya hilo. Kofia inakinga kichwa, mabega yanabaki jikoni. Mwavuli unakinga kichwa, mabega na mtoto aliye mgongoni, na upepo unapita kotekote. Mvua nayo: koti la plastiki linazuia maji ya nje lakini linafungia jasho ndani. Baada ya saa mbili za kupanda mlima umelowa vilevile, ila umelowa kutoka ndani. Chini ya mwavuli unapumua, ingawa miguu italowa, na upepo mkali ukija utapambana nao.

Kwa mtoto tofauti ni kubwa zaidi. Mtoto mchanga hupata joto haraka na hawezi kusema. Naona akina mama wanamfunika mtoto gubigubi kwa blanketi au kitenge kizito ili jua lisimpate. Jua halimpati kweli, lakini hewa nayo haimpati, na joto linapanda mle ndani. Mbeleko nyepesi, uso wazi, mwavuli juu. Mchanga, maji na sakafu nyeupe hurudisha mwanga kutoka chini, kwa hiyo mvalishe nguo nyepesi inayofunika mikono na miguu. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata kwenye joto: simama kivulini umnyonyeshe mara nyingi zaidi, maji unywe wewe. Ukiona amelegea, hataki kunyonya, ana joto sana au nepi imekaa kavu muda mrefu, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ukinunua, fungua na ufunge dukani mara kadhaa, tikisa uone kama vyuma vinacheza. Kitambaa cha rangi ya fedha kwa nje ni kizuri juani. Kile kilichofumwa wazi mpaka unaona mwanga wa taa unapenya, acha.

Na radi ikianza kunguruma ukiwa uwanda wazi, funga mwavuli. Usikimbilie chini ya mti. Ingia nyumba ya karibu au gari lililofungwa, hata kama ni kwa watu usiowajua, piga hodi useme una mtoto.