Fikra za Mfumo: Istilahi Inayofaa Kuanzia Bandani

Neno mfumo limezaliwa na kitenzi kufuma. Kabla halijahamia maofisini, ambako siku hizi tunaambiwa "mfumo unasumbua, rudi kesho", lilitaja namna nyuzi zinavyopishana na kushikana zikawa kitambaa. Kwa hiyo linaibeba vizuri dhana iliyokuzwa na mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy wa Austria, kisha Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani: tabia ya kitu kizima hutokana na jinsi sehemu zake zinavyoathiriana, wala haijulikani kwa kuzichunguza mojamoja.

Wapo wanaosema fikra ya kimfumo. Mimi siipendi. Kimfumo husomeka kama "kwa utaratibu", na mtu aweza kufuata utaratibu wote asione uhusiano wowote. Fikra za mfumo inatosha.

Chukua kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ng'ombe hukaa bandani, huletewa majani kutoka tambarare, mara nyingi vichwani mwa wanawake, na kuongezewa majani na mashina ya migomba. Samadi yao hurudi kwenye migomba na kahawa. Sasa tuseme maziwa yamepungua. Jibu la haraka ni kuongeza pumba au kumwita daktari wa mifugo, na huenda likawa sahihi. Lakini mwenye fikra za mfumo huuliza pia: nani alikuwa akikata majani? Ikiwa ni kijana aliyekwenda shule ya bweni, mama aliyebaki peke yake atakata kilicho karibu, yaani mgomba. Shina la mgomba karibu lote ni maji. Tumbo hujaa, maziwa hayaji. Ng'ombe akionekana hana faida akauzwa, samadi hukoma, ndizi hupungua, na fedha ya kununulia ng'ombe mwingine huishia kwenye chakula. Mzunguko huo, ambamo tokeo hugeuka kuwa chanzo, ndio mrejesho.

Istilahi nyingine husahaulika: ukawiaji. Wengine wangesema ucheleweshaji, ila neno hilo linadai mtu anayechelewesha, na hapa hayupo. Bei ya maziwa ikipanda leo, mfugaji hubakiza mitamba badala ya kuiuza. Lakini ndama jike aliyezaliwa leo hakamuliwi kabla ya miaka miwili na zaidi: sharti akue, apandwe, abebe mimba miezi tisa. Kijiji kizima kikiamua hivyo kwa wakati mmoja, maziwa hufika sokoni kwa wakati mmoja pia, bei ikaanguka, na lawama zikamwendea mnunuzi.

Nawaomba wanaoandaa vijitabu vya ugani: mchoro wa kwanza wa kufundishia fikra za mfumo uwe wa banda na mgomba, si wa kiwanda.