Kutoa ni moyo: Safari ya peni ya mkazi wa London

Mwaka 1919, mwanamke mmoja aitwaye Eglantyne Jebb alifikishwa mahakamani jijini London. Kosa lake lilikuwa kugawa, katika uwanja wa Trafalgar, vikaratasi vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa, bila ya idhini ya serikali.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimesimama, lakini Uingereza na washirika wake walikuwa bado wakizuia chakula kuingia katika nchi za maadui wao. Jebb alitozwa faini ya pauni 5. Kesi ilipokwisha, mwendesha mashtaka, Sir Archibald Bodkin, alitoa pauni 5 zake mwenyewe. Fedha hizo ziliingia katika mfuko uliozaa shirika la Save the Children.

Kisa hicho ni alama ya njia panda katika historia ya utoaji mjini London. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida alizoea kumchangia jirani yake. Sasa alikuwa akiombwa amlishe mtoto wa adui.

Peni ya siku ya mshahara

Katika karne ya 19, hospitali kubwa za London ziliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za wahisani. Matajiri walitoa mashamba na majumba, lakini wagonjwa waliongezeka kuliko ukarimu wao.

Mwaka 1873 ulianzishwa mfuko wa Jumapili ya Hospitali, ambao ulikusanya sadaka katika nyumba za ibada. Mwaka huo huo ukaanzishwa mfuko mwingine wa Jumamosi. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati, kwani ndiyo siku ambayo wafanyakazi wengi walipokea ujira wao. Makopo yalipitishwa katika karakana na viwanda, na kila mmoja akatumbukiza alichojaliwa.

Wakati huo pauni moja ilikuwa na peni 240, na peni moja haikuwa kitu kikubwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Zaidi ya hapo, aliyetoa alijua kwamba kitanda anachokichangia leo huenda akakilalia kesho. Hiyo haikuwa huruma ya aliye juu kwa aliye chini. Ilikuwa karibu na ujima kama unavyofahamika Afrika Mashariki.

Michango ya mitaani nayo ikachukua sura mpya. Mwaka 1912 Malkia Alexandra alianzisha siku ya kuuza mawaridi ya kutengenezwa kwa mikono kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1921 yakafuata maua mekundu ya popi, kuwasaidia askari waliorejea kutoka vitani na familia zao. Ua kifuani lilikuwa stakabadhi iliyoonekana na kila mtu: aliyelivaa ametoa, na asiyelivaa aliulizwa kwa macho.

Tarehe 5 Julai 1948 ilianza huduma ya afya ya taifa, inayogharimiwa na kodi. Kopo la hospitali likapoteza kazi yake kuu, na macho ya watoaji yakazidi kuelekea ng'ambo.

Picha kutoka Korem

Mwezi Oktoba mwaka 1984, televisheni ya BBC ilionyesha taarifa ya njaa kutoka Korem, nchini Ethiopia. Sauti ilikuwa ya mwandishi Michael Buerk, lakini picha zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Mwezi uliofuata, wanamuziki walikutana katika studio moja magharibi mwa London kurekodi wimbo wa Band Aid. Tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika tamasha ya Live Aid katika uwanja wa Wembley.

Kuanzia hapo kutoa kukawa pia ni kushiriki tukio. Mwaka 1988 watu walivaa pua nyekundu za bandia ili kuchangisha. Mbio za marathon za London, zilizoanza mwaka 1981, zikawa uwanja wa maelfu ya wakimbiaji wanaoomba fedha kwa jamaa na marafiki.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Picha ya Mwafrika mwenye njaa iliyofungua mifuko ya watu ndiyo hiyo iliyobaki vichwani mwao kwa miaka mingi, kana kwamba bara zima halikuwa na habari nyingine.

Kutoka kopo hadi simu

Kuanzia miaka ya 1990, mashirika yalitafuta ahadi za kila mwezi zinazokatwa moja kwa moja benki. Kisha ikaja intaneti, na baadaye kadi inayogusishwa kwenye mashine. Lakini urahisi huo ulizaa kero. Malalamiko kuhusu barua na simu zisizokwisha, hasa kwa wazee, yalisababisha kuundwa kwa chombo kipya cha kusimamia uchangishaji mwaka 2016.

Takwimu za shirika la Charities Aid Foundation zinaonyesha kwamba mwaka 2019 asilimia 58 ya watu nchini Uingereza walisema wametoa mchango wa fedha. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 50. Lakini jumla ya fedha zilizotolewa haikupungua; wachache zaidi wanatoa kingi zaidi.

Hilo ndilo badiliko zito kuliko yote. Kibaba kinaweza kujazwa na mtu mmoja mwenye gunia, lakini hapo kinakuwa kibaba chake. Kilichojazwa kwa peni za wengi kilikuwa cha wote.

Wakati huo huo, ipo michango isiyopita katika vitabu vya mashirika. Mkenya, Mtanzania au Mganda aishiye London hupokea ujumbe wa simu: kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna mtoto amekwama karo. Orodha ya majina hurefuka, na jioni fedha zimekwisha kufika nyumbani. Anayetoa anamjua anayepokea, na anajua kwamba zamu yake nayo yaweza kufika.

Wafanyakazi wa London wa mwaka 1873 wasingeielewa simu hiyo, lakini orodha hiyo wangeitambua mara moja. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, si utajiri.