Leila de Lima: Mahabusu Kama Adhabu

Leila de Lima, seneta wa zamani wa Ufilipino, alikaa mahabusu miaka 6 na zaidi ya miezi 8 bila mahakama yoyote kumtia hatiani. Safari yake ya kisiasa inathibitisha kwamba serikali iliyokusudia kumnyamazisha mpinzani haihitaji hukumu. Inatosha kumfungulia shtaka lisilo na dhamana, kisha kuiacha kesi ijikokote.

Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1959 mjini Iriga, mkoani Camarines Sur, kusini mwa kisiwa cha Luzon. Baba yake, Vicente de Lima, aliwahi kuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi. Yeye alisomea sheria San Beda, Manila, akashika nafasi ya nane kitaifa katika mtihani wa uwakili wa 1985, kisha akajijengea jina katika kesi za uchaguzi. Mwaka 2008 Rais Gloria Macapagal Arroyo alimteua mwenyekiti wa Tume ya Haki za Binadamu. Mwaka uliofuata alikwenda Davao kuchunguza mauaji yaliyodaiwa kufanywa na kikosi cha siri katika mji huo, ambao meya wake alikuwa Rodrigo Duterte. Uhasama wa wawili hao ulianzia hapo.

Akiwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Benigno Aquino III, kuanzia 2010, de Lima alifanya jambo ambalo watetezi wake hawapendi kulitaja. Novemba 2011 Mahakama ya Juu ilimruhusu Arroyo, aliyekuwa ameshaondoka madarakani, kusafiri nje kwa matibabu. De Lima aliagiza azuiwe uwanja wa ndege. Arroyo baadaye alikaa kizuizini miaka kadhaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoifuta kesi yake ya uporaji wa mali ya umma mwaka 2016. Waziri aliyepuuza amri ya mahakama alisaidia kuzoesha siasa za nchi yake desturi ambayo baadaye ilimgeukia mwenyewe. Kusema hivyo hakupunguzi hata chembe ya dhuluma aliyotendewa.

Desemba 2014 aliongoza msako katika gereza la New Bilibid, Muntinlupa, ambako wafungwa vigogo wa dawa za kulevya waliishi kifahari. Baadhi yao ndio waliokuja kutoa ushahidi dhidi yake.

Mei 2016 alishinda useneta kwa kura zipatazo milioni 14, akiwa wa mwisho kati ya washindi 12. Katika uchaguzi huohuo Duterte alichaguliwa kuwa rais, na polisi wakaanza kuua washukiwa wa dawa za kulevya. De Lima, mwenyekiti wa Kamati ya Sheria na Haki za Binadamu, alifungua uchunguzi mwezi Agosti. Tarehe 19 Septemba, siku chache baada ya kumleta shahidi aliyedai kuwa muuaji wa kikosi cha Davao, maseneta wenzake walimvua uenyekiti. Katika Baraza la Wawakilishi, wabunge walijadili hata kuonyesha video iliyodaiwa kuwa ya faragha yake. Udhalilishaji huo ulielekezwa kwa mwanamke kwa sababu ni mwanamke. Hakuna seneta wa kiume aliyetendewa kwa namna hiyo.

Alikamatwa tarehe 24 Februari 2017 na kuzuiliwa Camp Crame, makao makuu ya polisi, akidaiwa kufaidika na biashara ya dawa za kulevya ndani ya Bilibid. Uzito wa kesi ulikuwa katika aina ya shtaka. Katiba ya 1987 inamnyima dhamana anayeshtakiwa kwa kosa la kifungo cha maisha iwapo ushahidi ni mzito, na uzito huo hupimwa na jaji katika vikao vinavyoweza kuchukua miaka. Shtaka lilibadilishwa likawa kula njama, hivyo hapakuwa na haja ya kuonyesha dawa zenyewe. Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ilihalalisha kukamatwa kwake kwa kura 9 dhidi ya 6. Mwaka 2018 jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu uzuiliaji holela lilisema hakupaswa kuwa ndani, lakini hakutolewa.

Akiwa kizuizini aliendelea kuandika miswada kwa mkono, na alikuwa miongoni mwa waandishi wa sheria ya 2019 ya kusaidia familia maskini. Kupiga kura Seneti hakuruhusiwa.

Mwaka 2022 alishindwa kutetea kiti chake, na mashahidi muhimu wakakana maelezo yao. Alipatikana hana hatia katika kesi ya kwanza Februari 2021 na ya pili Mei 2023, akapewa dhamana Novemba 2023, na kesi ya mwisho ikafutwa Juni 2024. Mei 2025, miezi miwili baada ya Duterte kupelekwa The Hague kujibu mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu, de Lima alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi kupitia chama cha Mamamayang Liberal. Kifungu cha dhamana katika Katiba ya 1987 hakijabadilishwa.