Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wazee wetu walituachia methali ambayo kila mtu anaijua: kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hizi tunaitumia kwenye mikutano, tukitaka watu wachange franga ao watengeneze daraja. Lakini maneno yale yanasema kwanza kazi yenyewe, kazi ya kucha mbili za dole gumba juu ya kichwa cha mtoto.

Hapa Bengamisa, kwenye barabara inayotoka Kisangani kwenda Banalia na Buta, chawa ni shida ya zamani na ni shida ya leo. Mama anawaondoa, kisha wiki mbili wamerudi. Yeye anasema dawa ni mbaya. Majirani wanasema yeye ndiye mchafu. Mtoto anachekwa na wenzake, mwisho anakataa kwenda masomo. Basi, tuangalie namna gani watu walipigana na kadudu haka, maana historia inaonyesha kwa nini kanarudi.

Zamani ilikuwa kazi ya jioni. Mtoto analaza kichwa juu ya mapaja ya koko, koko anagawanya nywele kwa kijiti, anapakaa mafuta meusi ya kokwa za ngazi, anatafuta pole pole. Mmoja akimaliza, mwingine anaingia, mpaka watoto wote wa lupango wamepita. Kesho kutwa wanaanza tena. Wavulana walinyolewa kwa wembe, na hapo mambo yalikwisha haraka, kwa sababu chawa bila nywele hana pa kushika. Watu wengine wanaita ile kazi kupoteza wakati. Kumbe ilikuwa na akili ndani yake: mafuta yanamtelezesha chawa na kumchelewesha, na vichwa vyote vinaangaliwa pamoja.

Kisha ikaja poda. Mwaka wa 1939, Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Katika baridi ya 1943 na 1944, mji wa Naples kule Italia ulishikwa na tifusi, ugonjwa unaoletwa na chawa wa nguo (si tifoide, ile ya maji machafu). Watu zaidi ya milioni moja walipulizwa poda ndani ya nguo zao, na tifusi ikasimama. Dunia nzima ikaamini kwamba chawa amekwisha. Lakini tangu vita ya Korea, mwaka wa 1950 na 1951, waliona chawa ambao DDT haiwaui tena. Dawa zilizofuata, kama permetrini, zilipata bahati ileile: tangu miaka ya 1990, Ufaransa, Uingereza na kwingine walianza kulalamika kwamba chawa wanazizoea. Hata DDT yenyewe, mapatano ya Stockholm ya 2001 yameifungia: inaruhusiwa tu kupigana na wadudu wanaoleta magonjwa, kama mbu wa malaria.

Lazima tutofautishe chawa wawili. Yule wa nguo anakaa kwenye mishono, na ndiye mwuaji anayejulikana. Jirani zetu Warundi waliona hayo: baada ya vita iliyoanza 1993, tifusi iliingia gerezani na kwenye kambi za wakimbizi, na kufika 1997 watu makumi ya maelfu walikuwa wameugua. Yule wa kichwa anasumbua zaidi kuliko anavyoua: usingizi unapotea, kichwa kinakunwa mpaka vidonda. Lakini tusimdharau. Mwaka wa 2015 wataalamu walitangaza kwamba upande wa Rethy, Ituri, iliyokuwa bado ndani ya Province Orientale yetu, walipata ukoo wa chawa ambao haukujulikana mbele, wa kichwa na wa nguo, na kwamba baadhi walikuwa na vijidudu vya tauni. Kuwa na kijidudu si lazima kukiambukiza, lakini ni onyo.

Vita nayo inamsaidia chawa. Vita ya siku sita ya Kisangani, kutoka 5 hadi 10 Juni 2000, ilikimbiza maelfu ya watu. Watu wakilala kumi juu ya mkeka mmoja, chawa hahitaji mabawa. Yeye haruki wala harukiruki. Anatembea tu kutoka kichwa hadi kichwa. Hachagui mchafu ao msafi. Aibu ile tunayompa mama haina msingi hata kidogo.

Somo kubwa lilitujia bila kulitafuta. Tangu 1987 dawa ya Mectizan inatolewa bure kwa nchi zenye upofu wa mtoni, na huku Tshopo watu waliimeza kijiji kwa kijiji. Mahali pengi ilipotolewa, watu walishangaa: minyoo inatoka, na chawa wanakufa! Dawa ilikuwa na nguvu, ndiyo, lakini tena kijiji kizima kilimeza pamoja. Hata hivyo chawa walirudi, kwa sababu haiui mayai, na watoto wasiofika sentimita 90 hawapewi. Wala mtu asiinunue kwenye soko ampe mtoto wake: katika misitu yetu kuna pia mnyoo wa Loa loa, na mwenye wengi mwilini anaweza kupatwa na hatari kubwa akimeza bila mganga kujua.

Sasa hesabu iko wazi. Yai la chawa linapasuka kwa siku 7 hadi 10. Ukiua wakubwa leo, watoto wao wanatoka wiki ijayo. Ukisafisha kichwa kimoja na kuacha ndugu watano, umefanya kazi ya kidole kimoja. Kusuka misuko migumu juu ya chawa ni kuwajengea nyumba, maana mayai yanakaa karibu kabisa na ngozi. Lazima kufumua kwanza. Petroli ya taa inaunguza ngozi na inashika moto haraka. Dawa ya shamba ni sumu, inaweza kuua mtoto mbele ya chawa.

Kinachobaki ni kile cha koko, kwa kalenda nzuri: fumua, pakaa mafuta, chana na chanuo lenye meno ya karibu ao tafuta kwa vidole, kila siku 3 ao 4, kwa wiki 3, watoto wote wa lupango siku moja. Vitambala na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, ingawa chawa aliyeanguka hamalizi siku mbili. Na mwalimu asimfukuze mtoto. Mtoto aliyefukuzwa anapoteza masomo, chawa wanabaki kwa wenzake. Afadhali awaite wazazi wa darasa zima, wapange juma moja, wote waanze pamoja. Kucha mbili ndizo zinazovunja.