Shimesikio na ukuaji wa lugha ya mtoto

Shimesikio ni kifaa kidogo cha betri kinachovaliwa sikioni ili kukuza sauti. Haliponyi uziwi. Humfikishia mtoto maneno yanayosemwa karibu naye, na kwa hiyo faida yake hutegemea mambo mawili: alivishwa akiwa na umri gani, na analivaa saa ngapi kwa siku.

Lengo la kimataifa ni mtoto apimwe usikivu kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Bruce Tomblin na Mary Pat Moeller, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto wenye usikivu hafifu. Lugha ilikua kwa kasi zaidi kati ya miaka 2 na 6 kwa waliokuwa wakivaa vifaa zaidi ya saa 10 kwa siku. Kifaa cha kuvaa shuleni na kuvua nyumbani ni nusu ya dawa.

Sauti zinazopotea kwanza ni zile nyembamba na dhaifu: f, s, sh, th. Asiyezisikia hatofautishi fisi na sisi, wala fika na shika. Hata hivyo Kiswahili kina ukarimu wake. Kiingereza huficha wingi katika s moja mwishoni mwa neno. Sisi twasema “viti vile vimevunjika”, na vi- inamjia mtoto mara tatu katika sentensi moja. Kukanusha katika nafsi ya kwanza umoja ni kugumu zaidi, kwani “sitaki” huanza na s ileile inayopotea.

Mahali anapoishi mtoto napo huathiri kifaa: Likombe, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani nchini Tanzania, ina shida zake za pwani. Jasho na unyevu wa bahari huharibu kifaa, hivyo usiku hukaa katika kopo lenye chembe za kukausha. Betri za zinki huanza kufanya kazi zikibanduliwa karatasi, na baada ya hapo huisha hata zisipotumika. Plastiki inayofinyangwa kwa umbo la sikio hupwaya kadiri mtoto anavyokua. Kifaa hupiga mluzi, mtoto hukichomoa, na mzazi hudhani kimeharibika. Nyumbani mlezi aseme lugha anayoimudu: bibi wa Kimakonde asijilazimishe Kiswahili cha shule.

Kwa uziwi mkubwa, shimesikio huenda lisitoshe. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea, yaani sikio la ndani, mwaka 2017, lakini kutoka Mtwara ni zaidi ya kilometa 500. Wengine hukua kwa lugha ya alama, ambayo nayo ni lugha kamili. Shule za viziwi zipo tangu ile ya Tabora ya 1963 na ya Buguruni ya 1974. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, huzuia sehemu ya uziwi wa watoto.

Kila asubuhi mzazi anaweza kulipima shimesikio bila mashine. Husimama nyuma ya mtoto na kutamka sauti sita zilizopendekezwa na mtaalamu Daniel Ling: a, u, i, m, s, sh. Zote zimo katika Kiswahili. Mtoto hudondosha kokoto kikombeni kila anaposikia. Siku asipodondosha kwa s na sh, hukaguliwa betri kwanza, kisha nta ya sikio.