Utunzaji wa Moto katika Handeni na Korogwe: Tangu Ulindi hata Kiberiti cha Gesi

Kila chombo cha kuwashia moto humtwika mwenyewe kazi ya namna fulani. Chombo kimoja hudai nguvu za mikono, kingine hudai ujirani mwema, kingine hudai senti za dukani. Katika nchi ya Uzigua, ambayo Handeni ni mji wake, na katika bonde la mto Pangani ambamo Korogwe imekaa, kazi hiyo imehama mara kadhaa tangu karne ya kumi na tisa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kiberiti cha gesi chenye kujazwa tena, ambacho huhesabiwa kuwa kipya kuliko vyote, kimemrudishia mvutaji wa tumbaku wajibu wa kale uliokuwa umekwisha sahauliwa: wajibu wa kuutunza moto, wala si kuuwasha tu.

Hapo kale moto ulipatikana kwa kupekecha. Kijiti kigumu, kiitwacho ulindi, kilisimamishwa juu ya kipande cha mti laini, kikazungushwa upesi baina ya viganja hata unga wa mti ukapata moto. Kazi hii ilichosha, na wakati wa masika, kuni zikiwa zimelowa, ilishinda watu wengi. Kwa sababu hiyo moto haukuwashwa kila siku, bali ulilindwa. Gogo lilifukiwa katika majivu usiku, na asubuhi ambaye wake umezimika alikwenda kwa jirani na kigae kupalia makaa. Mwenye kiko naye alichukua kaa mekoni. Basi hakuna aliyevuta kwa moto wake peke yake. Moto ulikuwa wa nyumba, na nyumba ilikopesha nyumba nyingine.

Palikuwa na moto mwingine, nao ni ule wa mashamba. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake juu ya Kaskazini Mashariki ya Tanzania baina ya 1840 na 1940, ameeleza jinsi wakulima wa Uzigua walivyolizuia pori lisiwameze, na pamoja nalo mbung'o, kwa kukaa, kulima na kuchunga. Njaa na sotoka za miaka ya 1890 zilipowapunguza watu na ng'ombe, pori lilirudi. Kwa mkulima wa nchi kama hii, kiangazi kikiwa kikali, moto haukuwa kitu cha mchezo. Uliweza kufungua shamba, na uliweza pia kula ghala. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani lina maana yake hata katika habari ya chombo kidogo cha mfukoni.

Neno kiberiti lilitoka katika Kiarabu, ambako kibrit ni salfa, yale mawe ya manjano yanukayo. Kiswahili kililipokea, kikaichukua silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, kikazaa viberiti kama kilivyozaa vitabu. Njiti za kwanza za kuwaka kwa kukwaruzwa ziliuzwa na John Walker katika mji wa Stockton, Uingereza, mwaka 1827, na ile njiti ya salama, inayowaka kwenye ubavu wa kisanduku tu, ilibuniwa Sweden mwaka 1844. Leo kiberiti cha gesi hakina hata chembe ya salfa, lakini jina limebaki, na halina haja ya kusahihishwa.

Katika bonde la Pangani bidhaa kama hizi zilipata njia mpya kwa reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, na gari la moshi likafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilikuwa elfu moja, nayo 62 tu ndiyo iliyofika hai. Katika hiyo yakatoka mashamba yaliyojaza nchi toka Tanga hata Korogwe na kupita. Mashamba yakadai watu. Manamba walitoka Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji, na tangu 1944 waliandikwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Mtu wa namna hiyo aliyaacha meko ya mama yake mbali sana. Kisanduku cha njiti kilimfaa kuliko kilivyomfaa Mzigua aliyezungukwa na jamaa zake: kwa senti chache alipata moto asioudaiwa na jirani. Hapo uhuru na upweke viliingia katika kisanduku kimoja. Baada ya uhuru wa nchi, Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha viberiti mjini Moshi.

Lakini njiti ina adui wawili, unyevu na upepo. Wa kwanza hutawala Korogwe wakati wa masika. Wa pili husumbua katika uwanda wa Handeni. Tena njiti iliyotupwa kabla ya kuzimika ni hatari mahali palipoanikwa nyuzi za mkonge, ambazo zikikauka huwaka upesi. Vyombo vya chuma vilikuja kujibu haja hiyo. Carl Auer von Welsbach wa Austria alivumbua mwaka 1903 lile jiwe la kutoa cheche, na likatumiwa pamoja na utambi wa petroli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja gesi iitwayo butani.

Butani hukaa katika tangi dogo ikiwa maji, kwa kuwa imeshindiliwa. Kwenye digrii 20 shinikizo lake ni kama mara mbili ya lile la hewa. Kwenye digrii 30 hukaribia mara tatu. Na ndani ya motokaa iliyofungwa juani, joto likifika digrii 60, hupita mara sita. Basi anayekiacha kiberiti kwenye kioo cha mbele cha gari mchana wa Korogwe anacheza na hatari. Kinyume chake, aliyekitengeneza Korogwe, ambako ni kama meta 300 juu ya bahari, akapanda nacho Lushoto, kama meta 1,400, asishangae kikilegea: baridi imepunguza shinikizo, na hewa imekuwa nyepesi.

Kiberiti cha mwali mkali hutofautiana na kile cha mwali laini kwa jambo moja. Gesi hupita katika tundu jembamba mno kwa kasi, ikavuta hewa ya pembeni na kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Hivyo mwali huwa wa buluu, hauna masizi, wala upepo hauuzimi kwa urahisi. Cheche zake aghalabu hazitoki katika jiwe bali katika fuwele inayopigwa na kitufe, kwa nguvu ile ya umeme iliyogunduliwa na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Kwa sigara, ukweli usemwe, mwali huu ni mkali kupita kiasi. Wenye kiko nao wajihadhari, maana huunguza ukingo wa bakuli lake. Faida yake ni uwandani penye upepo. Tena ni wenye hila: mwali wa buluu hauonekani vizuri katika jua la saa sita, na mtu aweza kuunyoosha kwenye majani makavu akidhani haujawaka.

Anayechagua atazame kwanza kama kioo cha tangi chaonyesha gesi iliyobaki, kama parafujo ya kupunguza mwali yazunguka bila kulegalega, na kama kifuniko chaifunika pua barabara, kwani vumbi jekundu la Handeni ni adui wa tundu lile. Miali mitatu haizidi mmoja kwa manufaa. Yazidi kwa kula gesi.

Kujaza ndiko kunakowashinda wengi. Kazi ifanywe nje, mbali na jiko, maana butani ni nzito kuliko hewa, nayo hutambaa chini na kukaa mashimoni. Mwali upunguzwe mpaka mwisho. Kisha kiberiti kipinduliwe, shimo la kujazia likiwa juu, na vali ibonyezwe kwa ncha ya bisibisi ndogo hata sauti ya kuvuja ikome. Hewa iliyonaswa ndani hula nafasi ya gesi, na hii ndiyo sababu ya kiberiti kujazwa leo na kuzimika kesho. Lawama huwaangukia wauza gesi bure. Ndipo kopo lisimamishwe kichwa chini juu ya shimo na kusukumwa wima, ili yaingie maji ya gesi, si mvuke. Baada ya hapo kiachwe dakika kadhaa, kwa kuwa gesi hukipoza na iliyomwagika yataka muda wa kutawanyika. Tundu likiziba, lipulizwe hewa. Sindano hulipanua, na mwali hauwi tena kama ulivyokuwa.

Viberiti vya kutupwa, ambavyo havina shimo la kujazia, vimepunguza ujuzi huu wote, na kwa bei yake rahisi ni vigumu kumlaumu anayevinunua. Kile cha kujazwa hudumu miaka kwa mwenye kukishughulikia, kama gogo lililofukiwa katika majivu. Lakini gogo lilipatikana porini, na kopo la gesi hupatikana dukani. Mnunuzi wa Handeni atafanya vema kuuliza habari za kopo kabla ya kuuliza bei ya kiberiti, na aende na kiberiti chenyewe, kwa sababu midomo ya makopo haifanani, na usiolingana na vali humwaga gesi yote mkononi.