UZI: Basari inalipa karo. Nyika ya Kwale ataichunguza nani?

1/ Msimu wa siasa huku Kwale, basari haikosi jukwaani. Mmoja anasema "tumesomesha maelfu." Mwingine anajibu "mliwapa jamaa zenu." Leo naomba tuulize la tatu: hizo pesa zinamwezesha mwanafunzi kufanya nini?

2/ Ukitaja Kwale, wengi wanaona mchanga wa Diani. Lakini tumo katika kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame. Panda kutoka Ukunda, pita Kwale mjini, teremka Kinango, Ndavaya, hadi Samburu yetu. Utaona migunga, nyasi, ng'ombe, na ndovu pia. Hiyo ndiyo nyika.

3/ Historia kidogo. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya iliunda kitengo cha KREMU, kwa msaada wa Canada, kihesabu mifugo na wanyamapori wa nyika kutoka angani. Baadaye kazi ikawa ya idara ya serikali, DRSRS.

4/ Faida yake? Mwaka 2016 watafiti walitumia hesabu hizo kuonyesha kwamba wanyamapori wa nyika za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Bila hesabu ya 1977 tungebaki na "zamani walikuwa wengi." Wazee hawasemi uongo, lakini bajeti haipangwi kwa kumbukumbu.

5/ Sasa pesa za wanafunzi. Kulikuwa na harambee, ikaja mikopo ya HELB 1995, CDF 2003, kisha basari za kaunti kuanzia 2013. Nyingi ya pesa hizi zinaishia kwenye karo. Mtafiti wa nyika anahitaji pia pesa za bodaboda, posho ya mwenyeji anayemwongoza, na kurudi mara mbili, masika na kiangazi. Nyasi hazingoji hundi itoke.

6/ Yamenikuta. Nilitaka kuchunguza malisho ya Kinango baada ya ukame. Karo ililipwa, nashukuru. Pesa za kwenda porini hazikuwepo. Nikaishia kugawa hojaji kwa wenye vibanda ufukweni Diani, maana nauli ya huko niliimudu. Nilihitimu. Swali la Kinango bado liko pale pale.

7/ "Si kuna hazina ya utafiti?" Ipo. Sheria ya 2013 iliiunda na kusema ipate asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Pengo wanaziba wafadhili wa nje. Siwalaumu, ila mwenye pesa ndiye anayechagua swali, na ndovu hupata mfadhili upesi kuliko nyasi.

8/ Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi, kwa kuwa chuo kikuu ni jukumu la serikali kuu. Magavana wakaenda kortini. Ubishi ulikuwa nani atoe. Pesa zifanye nini, hilo halikusikika sana.

9/ Kwa hivyo mgombea akija Msambweni au Kinango na orodha ya waliosomeshwa, mpigie makofi. Halafu muulize: wangapi walipewa pesa za utafiti? Na matokeo yako wapi, mfugaji wa Ndavaya ayaone? Ukame mwingine utakuja, na bado hatujui malisho yetu yanatosha ng'ombe wangapi.

Sambaza, hasa kwa mwenye mtoto chuoni.